Kemi Badenoch, karanga za Nachingwea na mkonge wa Lindi

Nafundisha historia kidato cha tano na sita hapa Mtwara. Tukifika kwenye ukoloni, jina la mwanasiasa wa Uingereza, Kemi Badenoch, halikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa hasira: Mwafrika gani huyu anayewatetea Waingereza? Mimi namheshimu sana mama huyu, na hoja yake kuhusu ukoloni naipinga.

Alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1980, wazazi wake Wanigeria, akakulia Lagos. Akiwa na miaka 16 alirudi Uingereza, akafanya kazi McDonald's huku anasoma, akahitimu uhandisi wa kompyuta na baadaye sheria. Mwaka 2017 aliingia bungeni. Tarehe 2 Novemba 2024 alichaguliwa kuongoza chama cha wahafidhina, Conservative, Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Hoja yenyewe aliitoa Aprili 2024 akiwa Waziri wa Biashara, mbele ya watu wa sekta ya fedha jijini London. Alisema utajiri wa Uingereza hauelezwi na ukoloni. Aliyataja mapinduzi ya 1688, yaliyombana mfalme chini ya bunge, kuwa ndiyo yaliyowapa watu imani ya kuwekeza.

Huku Kusini kuna ushahidi unaombeba. Mwaka 1947 Waingereza, nchi yao ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu imetokana na mradi huo, na reli ilijengwa kuelekea Nachingwea. Udongo mgumu, mvua za kubahatisha na mitambo isiyofaa viliwashinda. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo iling'olewa baada ya uhuru. Mwalimu anayeficha habari hii ili ukoloni uonekane ulikuwa faida tupu kwa mkoloni, anawadanganya watoto.

Ila Lindi hiyohiyo ilikuwa na mashamba ya mkonge, Kikwetu likiwa mojawapo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wajapani waliteka Ufilipino na Java, kulikotoka sehemu kubwa ya nyuzi ngumu za dunia. Serikali ya Uingereza ikawa inanunua mkonge wa Tanganyika kwa bei ya mkataba, wakulima wakiwa hawana ruhusa ya kutafuta soko lenye bei nzuri zaidi. Baada ya vita mkonge uliuzwa Marekani, na dola zake zikaingia katika akiba iliyosimamiwa London, wakati Uingereza inazihitaji kuliko kitu kingine. Karanga zilikula fedha za hazina yao, mkonge uliijaza. Badenoch anahesabu upande mmoja wa daftari, na hapo ndipo tunapoachana.

Kinachonifanya nimheshimu ni kwamba amekataa kupangiwa mawazo kwa sababu ya ngozi yake. Oktoba 2020 alisimama bungeni, katika mjadala wa Mwezi wa Historia ya Weusi, akapinga shule kufundisha nadharia ya upendeleo wa Wazungu, yaani kwamba Mzungu hupata nafuu maishani kwa sababu ya ngozi yake, kana kwamba ni ukweli usiopingika. Alijua matusi yatatoka kwa nani. Sisi tunaijua siasa ya kupangwa kwa rangi. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba ngozi ndiyo sera. TANU iliingia uchaguzi ule kwa shingo upande ili ipate njia ya kuumaliza utaratibu wenyewe. Leo kumwambia Badenoch kwamba mwanamke Mweusi hana haki ya kuwa mhafidhina ni kumrudishia karatasi ileile ya kura.

Kwa hiyo darasani kwangu anayetaka kumpinga aje na mkonge: bei, mkataba, dola zilikokwenda. Insha inayoanza na rangi yake nairudisha iandikwe upya.