CA 15-3 na wenzake: viashiria vya saratani ya matiti kwenye damu

Kiashiria cha saratani ni kitu kinachopimika mwilini, mara nyingi protini, ambacho kiwango chake huweza kupanda saratani inapokuwapo. Kwa saratani ya matiti, kinachopimwa sana kwenye damu ni CA 15-3.

Jina hilo linaficha kitu cha kawaida kabisa. CA 15-3 ni vipande vya protini iitwayo MUC1, ambayo hata titi lenye afya inayo. Kwenye seli yenye afya, MUC1 husimama upande unaotazama ndani ya mrija wa maziwa, hivyo ni kidogo tu inayofika kwenye damu. Seli ikigeuka ya saratani hupoteza mpangilio huo. Protini huota pande zote, vipande vyake humeguka na kuingia kwenye mzunguko wa damu.

Maabara huiacha damu igande kama dakika 30, huizungusha kwenye mashine na kutenga seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Kisha kingamwili moja hukamata kipande cha MUC1, na ya pili, iliyofungwa kemikali ya kutoa mwanga, hukishika upande mwingine. Mwanga ukizidi, protini ni nyingi. Maabara nyingi huweka kikomo karibu na yuniti 30 kwa mililita.

Sasa, kwa nini kipimo hiki hakitumiki kutafuta saratani kwa mtu asiye na dalili? Uvimbe mchanga humwaga vipande vichache mno, kwa hiyo majibu hutoka ya kawaida. Upande wa pili, homa ya ini, ini lililosinyaa, ujauzito, kunyonyesha, hata upungufu wa vitamini B12 huweza kukipandisha. Tuseme wanawake 1,000 wanapimwa na 5 kati yao wana saratani. Kipimo kikikosea kwa 5 tu katika kila 100 walio wazima, karibu wanawake 50 watatishwa bure, na kati ya wale 5 wengine watapitwa. Anayehisi donge anahitaji picha ya matiti na kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye donge, cha kupima. Majibu mazuri ya CA 15-3 hayalifuti donge.

Kazi yake halisi ni kufuatilia saratani iliyokwisha kusambaa, sambamba na picha na hali ya mgonjwa. Namba moja haisemi mengi. Kutoka 210 hadi 140 hadi 60 kunasema dawa inafanya kazi, ila 31 baada ya 28 huenda ni mtikisiko wa mashine tu. Wiki 4 hadi 6 za kwanza za matibabu namba inaweza hata kupanda, kwa sababu seli zinazokufa humwaga protini yake, na kubadilisha dawa kwa haraka hapo ni kosa. Kosa jingine ni kuhama maabara katikati: mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi navyo huweza kushusha namba kwa uongo kwenye baadhi ya mashine, kwa hiyo vitajwe kabla ya kutolewa damu.

CEA, kiashiria kingine, hupimwa pamoja nacho, lakini hupandishwa pia na uvutaji sigara na saratani ya utumbo mpana. HER2, protini ya juu ya seli, ni habari nyingine: hupimwa hasa kwenye kinyama, ili kuchagua dawa.

Wapo wagonjwa ambao CA 15-3 yao haipandi hata saratani ikiwa imesambaa. Ndiyo maana hupimwa kabla ya dozi ya kwanza: ikiwa ilikuwa chini tangu hapo, ufuatiliaji wao huegemea picha.