Kwa nini tovuti huchelewa hata kabla ya kuanza kupakuliwa?

Bando ni la kasi, mtandao unasoma vizuri, lakini ukurasa unabaki mweupe kwa sekunde nzima. Muda huo unakwenda wapi? Kivinjari chenyewe kinaweza kukuonyesha. Fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao (Network), pakia ukurasa upya, kisha bofya faili la kwanza uone mchanganuo wa muda wake (Timing). Kipande cha rangi ya chungwa ni muda wa kuunganisha.

Hapo hakuna hata herufi moja ya ukurasa iliyokwisha fika. Kivinjari kinabisha hodi tu, kikingoja seva iitikie: safari moja ya kwenda na kurudi. Halafu pande mbili zinakubaliana namna ya kuficha mawasiliano, safari moja zaidi kwa TLS 1.3 ya mwaka 2018 (TLS ni kanuni za kuficha huko), au mbili kwa TLS 1.2.

Kwetu Uganda, nchi isiyo na bahari, safari hizo ni ghali. Kutoka Kampala hadi London ni takriban kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 65 hata njia ingenyooka kabisa. Nayo hainyooki: data hushuka kwanza pwani, mathalani Mombasa, ndipo iingie mkongo wa baharini. Bando kubwa halifupishi njia hiyo. Seva iliyo Kampala inaifupisha, na ndiyo faida kubwa ya UIXP, kituo cha kubadilishana data kilichoanzishwa mwaka 2001.

Mimi namba ninayoiwinda zaidi ni sekunde moja na ushei. Pakiti ya hodi, yaani kifurushi kidogo cha data kinachobisha, ikipotea, kompyuta kwa kawaida hungoja sekunde 1 kabla ya kuituma tena. Ikipotea mara ya pili, hungoja 2 nyingine. Kwa hiyo ukikuta muda wa kuunganisha ni sekunde 1.2 au 3.2, usilaumu umbali. Kuna pakiti zinazopotea, pengine kwa Wi-Fi dhaifu au mnara uliolemewa na watu. Sogea karibu na ruta au badili laini, kisha upime tena.

Angalia pia mafaili yanayofuata kutoka seva ileile. Mengi hayapaswi kuwa na chungwa, kwa kuwa hutumia muunganisho uliokwisha funguliwa. Kama kila moja linayo, seva inafunga mlango mapema mno, na wa kurekebisha hilo ni fundi wa tovuti.