Hakuna aliyewapulizia dawa

Fundi akiitwa asubuhi kwenye nyumba iliyovunjwa, sentensi ya kwanza atakayopokelewa nayo mlangoni anaijua kabla haijatamkwa: "Fundi, walitupulizia dawa." Televisheni haipo, mtungi wa gesi haupo, simu zilizokuwa zinachajiwa kando ya kitanda hazipo, na hakuna aliyeshtuka. Basi ni dawa ya usingizi. Jirani anaafiki, mjumbe anatikisa kichwa, shangazi anakumbushia habari za udongo wa kaburini unaorushwa juu ya bati. Mjadala ukiendelea, hakuna anayetazama dirisha la jikoni, ambapo vioo vinne vya luva vimechomolewa kimoja kimoja na kuegemezwa ukutani kwa adabu, visije vikavunjika.

Twende kwenye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye dari ya mita 2.8, kina hewa karibu lita 29,400. Chukua etha, dawa ya nusukaputi ya zamani ambayo watu huitaja sana. Ili mtu alale kiasi cha kutosikia kitu, hewa anayovuta inatakiwa iwe na etha takriban asilimia 2. Hizo ni lita karibu 590 za mvuke, sawa na lita 2 na nusu za etha ya maji, zote zigeuke mvuke ndani ya chumba kilichozibwa kila tundu. Vyumba vyetu havijazibwa. Kuna dirisha lenye wavu wa mbu, kuna feni, kuna matundu ya hewa juu ya linta. Kikopo cha kupulizia cha mililita 300 hapo hakifanyi chochote. Isitoshe, etha inanuka vikali, inawasha koo, na anayeivuta hukohoa, pengine hutapika, kabla hajalala. Tena asilimia 2 hiyo hiyo ndipo mvuke wake unapoanza kuweza kushika moto hewani. Dawa ya mbu ya kuchoma iliyoachwa chini ya kitanda ingeamsha mtaa mzima.

"Siku hizi wana dawa za kisasa." Jibu la hoja hiyo lilipatikana Moscow, Oktoba 2002. Magaidi walishika mateka mamia ya watu ukumbini, na vikosi vya Urusi vikaingiza humo gesi ya jamii ya fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu. Watu walilala kweli, na zaidi ya mateka 120 wakafa, karibu wote kwa gesi hiyo. Serikali nzima, yenye maabara na wataalamu, haikuweza kulaza ukumbi bila kuua. Sababu ni dozi: kinachomlaza baba wa kilo 90 aliye mbali na dirisha kinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili aliyelala chini ya dirisha hilo. Ndiyo maana daktari wa nusukaputi hakai mbali na mgonjwa wake hata dakika moja. Chuo cha madaktari hao cha Uingereza kilishaulizwa kuhusu wasafiri waliodai kupuliziwa gesi wakiwa wamelala ndani ya magari yao Ufaransa, na kikajibu kwamba hiyo ni hadithi tu. Dawa inayotiwa kwenye soda au biskuti ndani ya basi ipo. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini basi hamkusikia? Kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Usingizi wa saa za mwanzo ni mzito kuliko wote, feni inavuma, mvua inapiga bati, na mwizi hakuvunja kitu kwa sababu hakulazimika. Anayeamshwa ghafla kutoka usingizi ule huwa mzito wa kichwa kwa dakika kadhaa, hata siku ambayo hakuna kilichoibwa. Lakini kama nyumba nzima mmeamka vichwa vinauma na mnasikia kichefuchefu, tafuteni jiko la mkaa lililoingizwa ndani au jenereta iliyowashwa kibarazani. Fungueni madirisha, tokeni nje, nendeni hospitali. Hiyo ni gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, nayo inaua zaidi ya mwizi yeyote.

Ubaya wa dhana hii ya dawa ni kwamba inafunga uchunguzi. Dawa haina kinga, kwa hiyo hakuna kinachorekebishwa, na njia iliyotumika inabaki wazi kwa mara ya pili. Polisi wakishamaliza kupiga picha, na kabla hamjafagia, itafuteni njia hiyo.

Anzeni na luva. Kila kioo kinashikwa na kimdomo cha bati laini ambacho hukunjuliwa kwa kidole. Gundi ya epoksi ncha zote mbili za kila kioo, na grili kwa ndani. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hunyanyuliwa likatoka kwenye reli yake ya chini hata likiwa limefungwa. Piga skrubu mbili kwenye reli ya juu, vichwa vyake vining'inie kiasi cha dirisha kupita bila kuweza kunyanyuka. Tazameni juu pia: bati lenye misumari michache hufunuliwa, na dari ya gipsamu hupasuka kwa teke moja. Stoo ambayo haiingiwi wiki nzima ndiyo njia inayopendwa.

Halafu kitasa. Vile vya bei rahisi vya leva 2, yaani vibati viwili tu vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo, vina aina chache mno za funguo. Chukueni funguo za majirani watatu wenye kitasa cha jina hilo hilo mjaribu, msishangae mlango ukifunguka. Hapo ndipo penye "dawa" ya nyumba nyingi. Kitasa cha silinda nacho kina ugonjwa wake: silinda, yaani kile kipande unamoingia ufunguo, ikitokeza nje ya bamba zaidi ya milimita 3, hushikwa kwa koleo na kukatwa katikati, pale penye tundu la skrubu inayoishika, kwa kuwa ndipo chuma kilipo chembamba. Pimeni unene wa mlango kabla ya kununua silinda, msikubali "hii inaingia milango yote".

Hata kitasa kizuri huanguka kwa sababu ya fremu. Ulimi wa kitasa huingia kwenye kibati kilichoshikwa na skrubu mbili za milimita 20, ndani ya ubao wenye unene wa kidole. Mtaimbo unapasua ubao huo, kitasa kikabaki kizima. Wekeni kibati kirefu chenye skrubu za milimita 75 zinazofika ukutani. Mlango ukifunguka kuelekea nje, bawaba ziko upande wa mwizi, naye atang'oa pini zake. Mwambieni fundi wa kuchomelea afunge vichwa vya pini kwa nukta moja ya moto. Kazi ya dakika kumi.

"Nimenunua kufuli kubwa." Kubwa wapi? Mwizi hagusi mwili wa kufuli. Anatazama upinde, na anatazama masikio ya geti unapopita upinde huo. Upinde mrefu unaacha nafasi ya kuingiza mtaimbo na kusokota, kwa hiyo kufuli dogo lenye upinde mfupi na mabega yanayoufunika ni bora kuliko limama linaloning'inia. Tafuteni neno HARDENED kwenye upinde, kisha msiliamini. Pitisheni tupa mara moja: ikiteleza bila kuuma, chuma kimekomazwa kweli, ikiacha mchoro unaong'aa, ni chuma laini na mkasi wa nondo utakitafuna. Masikio yawe ya flatiba, chuma bapa, ya milimita 6, yamechomelewa kuzunguka pande zote. Nukta mbili za moto zilizopakwa rangi upesi zinabanduka kwa nyundo. Skrubu za komeo zinazoonekana mlango ukiwa umefungwa hazina kazi yoyote, maana mwizi ana bisibisi kama yako.

"Ukuta wangu una chupa." Gunia la mkaa likikunjwa mara mbili, chupa zimekwisha. Ukuta mrefu uliozibwa kabisa humfaa mwizi akishakuwa ndani, kwa sababu jirani haoni kitu.

"Fensi ya umeme itamuua, au umeme ukikatika imekufa." Yote mawili si kweli. Mashine yake hutuma mpigo mfupi mno takriban kila sekunde, wa maelfu ya volti lakini wenye nguvu ndogo. Unaumiza, haukusudiwi kuua, na betri ya ndani huendelea umeme ukikatika, mradi haijachoka. Kinachoua fensi hizi ni majani yanayogusa waya na fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) moja tu iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu. Zipigwe tatu, za mita 1.2 kila moja, zikiwa zimeachana, na zimwagiwe maji kiangazi. Anayeunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na soketi ya ndani ametega mauti, na wa kwanza kunaswa huwa mtoto aliyefuata mpira.

"Kuna kamera." Kamera inaangalia tu. Mashine ya kurekodi ikikaa chini ya televisheni, itaondoka na televisheni. Iwekwe darini au ndani ya kabati linalofungwa. Pangusa utando wa buibui kila wiki, kwa sababu usiku mwanga wa kamera usioonekana kwa macho, infraredi, hugonga utando huo na picha yote ikawa ukungu mweupe. Na rekebisheni saa yake, picha ya saa nane usiku inayoonyesha saa tatu asubuhi haimsaidii mpelelezi.

"Taa tunaacha zinawaka." Taa ya kibarazani inayowaka saa sita mchana inatangaza kwamba wenyewe wamesafiri. Ya sensa, inayowaka mtu akipita, inatosha.

"Grili zimeziba kila dirisha, tumemaliza." Kwanza, grili ya skwea paipu ni bomba tupu, jeki ya gari huitanua. Takeni nondo mraba ya milimita 12, nafasi zisizidi milimita 100, na miguu iingie kwenye tofali kwa milimita 75 na kujazwa zege. Iliyoshikwa kwenye lipu peke yake hung'oka na lipu yake. Pili, nyumba iliyozibwa kila dirisha, moto ukianzia sebuleni, hamna pa kutokea. Dirisha moja la kila upande wenye vyumba vya kulala liwe na mlango wa grili wa sentimita 60 kwa 60 hivi, unaofunguka kwa nje, na kufuli lake ndani. Ufunguo msiutundike karibu na dirisha, maana mwizi mwenye mti mrefu na ndoano huvua suruali na simu kupitia wavu kila usiku. Tundikeni kwenye msumari mbali kuliko mti unavyofika, kwa kimo cha mtoto mkubwa wa nyumba. Kisha zimeni taa usiku, mwambieni aufuate na afungue. Akipapasa zaidi ya dakika moja, hamisheni msumari.