“It was Juma who…”: klefti si chumvi ya kunyunyizia insha

Kuna ushauri mmoja wa Kiingereza unaostahili kufutwa kwenye madaftari ya wanafunzi wetu: “Ukitaka sentensi iwe na uzito, anza na It is.” Matunda yake tunayasoma kila wiki, kwenye insha, barua za kuomba kazi, hata ripoti za ofisini. “It is me who is applying for this post. It is accounting that I studied. It is hard work that I like.” Sentensi tatu, klefti tatu, na hakuna hata moja iliyohitajika.

Klefti, kwa Kiingereza “cleft”, ni sentensi moja iliyopasuliwa vipande viwili. Jina hilo, alilolitumia mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen mwaka 1937, linataja umbo tu, yaani kitu kilichopasuliwa. Halisemi lolote kuhusu nguvu. Na sababu ya kuipasua ni hii: msomaji ana nusu ya habari tayari, anasubiri nusu iliyobaki.

“Juma broke the window” ni habari mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho. “It was Juma who broke the window” ni jambo jingine. Hapo kuvunjika kwa dirisha kumeshakubaliwa na wote, kilichokuwa kinatafutwa ni mvunjaji, na kwa kumtaja Juma umewaondoa wengine wote waliokuwa wakishukiwa. Kama dirisha halijawahi kutajwa, msomaji anabaki anajiuliza amepitwa na mazungumzo gani.

Mswahili hapaswi kuliona hili geni. “Juma ndiye aliyevunja dirisha” haisemwi na mtu anayeleta habari mbichi. Huyo atasema “Juma kavunja dirisha.” Ile ya “ndiye” inakuja baadaye, watu wakishaanza kuulizana na mmoja akamtaja Ali. Hakuna mtoto aliyefundishwa darasani wakati wa kutumia “ndiye” na wakati wa kuiacha, sikio linajua. Ajabu ni kwamba tukishika kalamu ya Kiingereza sikio hilo tunaliacha mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika klefti, andika pembeni swali ambalo klefti hiyo inalijibu. “It is hard work that I like” inajibu swali “Unapenda nini hasa?” Mwajiri hakuuliza hivyo. Mbaya zaidi, kwa kuwa klefti huondoa vingine, sasa anaweza kujiuliza ni vitu gani huvipendi. “I enjoy hard work” ingekutosha. Lakini kama aliyekutangulia ameandika kwamba kampuni ilipata hasara kwa sababu ya kodi, na wewe unajua chanzo ni usafiri, basi “It was transport costs that caused the loss” imekaa mahali pake kabisa. Swali lipo, jibu lisilo sahihi lipo, na wewe unalisahihisha. Kusahihisha ndiyo kazi ambayo klefti huifanya vizuri kuliko zote.

Jaribio la pili ni kuikanusha. “Juma didn't break the window”: huenda dirisha ni zima mpaka leo. “It wasn't Juma who broke the window”: dirisha limevunjwa, tafuteni mtu mwingine. Nusu ya pili haiguswi na ukanushi. Ndiyo maana swali kama “Was it you who took the money?” ni mtego. Ukijibu “No” umejitoa wewe, lakini umekubali kimyakimya kwamba pesa zilichukuliwa. “Ni wewe uliyechukua pesa?” ina mtego uleule. Wakili aliye macho hupinga swali la namna hiyo kama wizi wenyewe haujathibitishwa.

Ipo njia ya pembeni, na ni ya halali. “It was on 26 April 1964 that Tanganyika and Zanzibar united” inaweza kufungua aya hata kama msomaji hakuwa akijua habari za Muungano. Mwandishi anaileta kama jambo linalofahamika, akitanguliza tarehe. Matangazo rasmi nayo yana “It is with deep sorrow that we announce…” Tumia, ila kwa kipimo. Aya yenye klefti tatu mfululizo ni kama mtu anayepiga meza kwa kila neno.

Kwa nini tunazidisha sisi? Nadhani ni kwa sababu Kiingereza kina silaha ambayo Kiswahili hakina: sauti. Mwingereza akitaka kumtaja Juma kwa nguvu hupandisha sauti kwenye jina, “JUMA broke it”, basi. Mkazo wetu umeketi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami kirahisi, hivyo msisitizo tunaubeba kwa “ndiye” na kwa kupanga upya maneno: “dirisha kalivunja Juma.” Tukivuka kwenda Kiingereza tunabeba mzigo wote. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la “It is Juma is the one who broke it”, ambalo ni “Ni Juma ndiye aliyelivunja” lililovaa suti. Chagua moja: “It was Juma who broke it” au “Juma is the one who broke it.” Ukiwa unaongea, tumia sauti. Klefti itunze kwa maandishi, ambako sauti haisikiki.

Mengine ni mepesi zaidi.

Si kila “It is… that” ni klefti. “It is clear that Juma broke the window” siyo. Ondoa “it is” na “that”, kisha uangalie kilichobaki. “Clear Juma broke the window” si sentensi. Fanya vivyo hivyo kwa klefti ya kweli na utapata sentensi kamili.

Wengine wanaamini neno lolote linaweza kusogezwa mbele. Kitenzi hakiwezi. “It was break that Juma did” haipo. Sisi husema “kuvunja alilivunja”, Kiingereza hutumia klefti ya “what”: “What Juma did was break the window.” Baada ya “was” weka kitenzi kitupu, au chenye “to”. “What Juma did was he broke the window” utaisikia midomoni mwa watu, lakini usiiandike kwenye mtihani. Kivumishi nacho ni kigumu: “It's tired I am” ni Kiingereza cha Ireland, chenye athari ya lugha yao ya Kiairishi. Kwao ni sahihi; kwenye insha yako mtahini ataona kosa.

“It are my parents who pay” haipo pia, hata wazazi wawe kumi. “It” hubaki na umoja, kitenzi cha pili ndicho kinachofuata wingi wa wazazi: “It is my parents who pay.”

Kuhusu “I” na “me” watu wanabishana bure. “It is I who am wrong” ni rasmi sana, “It's me who's wrong” ni ya kila siku, na zote zinakubalika mahali pake. Isiyokubalika ni chotara, “It is me who am wrong.” Ukishindwa kuamua, andika “I'm the one who's wrong” uendelee na kazi.

“It was in Dodoma where we met”? Ukishaweka “in”, mahali pamekwisha tajwa, kwa hiyo andika “that”: “It was in Dodoma that we met.” Usirudishe “in” mwishoni. Kwa wakati ni hivyohivyo: “It was on Monday that she called.”

Kuacha “who” au “that” kunaruhusiwa pale kilichotangulizwa ni shamirisho, “It was the key I lost”, lakini kikiwa kiima usiache. “It was Juma broke the window” inasikika kama sentensi iliyong'oka jino.

Mwisho ni koma. “It was Juma, who broke the window” si klefti tena. Koma hiyo imeigeuza kuwa jibu la “Nani alikuwa mlangoni?”, na dirisha limeingizwa kama maelezo ya ziada kuhusu Juma. Na katika “What we need, is money” koma imetenganisha kiima na kitenzi chake. Iondoe.