Kamera inarekodi, lakini rekodi inalala wapi?

Kilio ni kilekile kila mtaa wa Kampala na viunga vyake, kuanzia Kireka hadi Ntinda: kamera zilimwona mwizi vizuri kabisa, kisha mwizi akaondoka na DVR, kile kisanduku kinachohifadhi rekodi za kamera. Ninaamini kwa dhati kwamba kamera ambayo rekodi zake hazitoki nyumbani zenyewe ni ulinzi nusu. Kinachozuia watu si fedha peke yake. Ni mambo waliyoambiwa wakayaamini.

"Naiona nyumba yangu kwenye simu, kwa hiyo rekodi ziko mtandaoni." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Fundi anafunga kamera nne, anaweka programu kwenye simu ya mwenye nyumba, anamwonyesha geti lake: "Mzee, hata ukiwa Mbarara utaona kila kitu." Kuona ataona. Ila programu hiyo kwa kawaida inapitisha picha tu. Rekodi yenyewe imebaki kwenye diski ya DVR, na DVR iko juu ya kabati la televisheni, taa zikimeta, nyaya nne zikimwelekeza mgeni mahali ilipo. Anayekuja kubeba televisheni anabeba na hiyo.

Ili rekodi iwe mbali, lazima kitu kiitume: ama huduma ya kuhifadhi mtandaoni uliyoilipia na kuiwasha, ama kompyuta ndogo hapo nyumbani, iliyofichwa mbali na DVR, inayochukua kila kipande cha video na kukipeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi iliyo kwingine. Vipande viwe vya dakika moja hivi. Faili ya saa nzima mara nyingi haianzi kutumwa mpaka saa iishe, na kufikia hapo DVR imeshavuka Mukono.

"Data itanimaliza." Tufanye hesabu. Kamera moja ya 1080p (picha ya HD kamili) inayorekodi kwa Mbps 2, yaani megabiti 2 kwa sekunde, hutoa karibu GB 0.9 kwa saa, yaani GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni zaidi ya GB 86. Kutuma zote ni mzigo kweli, lakini nani alisema utume zote? Tuma matukio tu, mtu anapopita getini au mlango unapofunguka. Nusu saa ya matukio kwa siku ni kama MB 450 kwa kamera, na ukitumia njia mpya ya kubana video, H.265, badala ya ile ya zamani, H.264, inaweza kushuka hadi karibu nusu. Rekodi kamili zibaki nyumbani. Diski ya TB 1 itazibeba kamera hizo nne kwa siku 11 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Na tafadhali igeuze kamera isitazame mwembe. Tawi likitikisika usiku kucha, data inakwenda na upepo.

"Intaneti ikikatika, mfumo umekufa." Hapana. Programu iliyopangwa vizuri huweka vipande kwenye foleni na kuvituma mtandao ukirudi. Intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021, foleni ilikuwa ya siku kadhaa. Iachie nafasi ya kutosha kwenye diski. Ninachokihofia zaidi ni umeme. DVR, ruta na kompyuta ile vyote viwe kwenye betri, maana kimoja kikizima mnyororo umekatika.

"Ikishatumwa, iko salama." Inategemea imetumwaje. FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kutuma faili iliyomo kwenye DVR nyingi, hupeleka nywila yako bila kuifunika, na aliye katikati ya njia anaweza kuisoma. Tumia SFTP, inayopita ndani ya SSH (muunganisho uliofungwa usisomwe njiani), na uingie kwa ufunguo wa kidijitali badala ya nywila. Usifungue milango ya mtandao (port) ya DVR kwa dunia nzima. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishe siku ya kwanza: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR kwa wingi kwa kujaribu nywila hizo tu.

Kuna na mtego ambao hata mafundi wazuri huusahau. Ukiweka programu ya kulinganisha folda mbili zifanane, kinachofutwa nyumbani kinafutwa na huko mbali. Mwizi akifuta, amekufutia kote. Ufunguo wa kuingilia kwenye seva ulio nyumbani uruhusiwe kuongeza faili tu, usiweze kufuta. Kufuta za zamani iwe kazi ya seva.

Na huko zinakolala, nani anaweza kuzitazama? Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani na kufikia kamera zipatazo 150,000 za wateja wake. Ndiyo maana video zisimbwe, yaani zifungwe asiweze kuzisoma asiye na ufunguo, kabla hazijatoka nyumbani. Rclone, programu ya kutuma faili, inaweza kufanya hivyo. Ufunguo wa kuzisoma tunza nakala yake nje ya nyumba, la sivyo hutazifungua hata wewe.

"Nyumba yangu, picha zangu." Ukiwa na duka au nyumba za kupangisha, unaowarekodi wana haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na sheria hiyo inagusa pia data inayohifadhiwa nje ya Uganda. Waambie wapangaji kamera ziko wapi.

Mwisho, "fundi alishapanga, basi." Kila mwezi chagua tukio la jana, lishushe kutoka mbali kwa simu nyingine, ulicheze. Tazama saa iliyoandikwa pembeni. DVR ambayo betri yake ya saa imekufa hupoteza tarehe umeme ukikatika, na polisi wakikuuliza ilikuwa lini, video haitakusaidia kujibu.