Mtoaji wa kiungo si mfadhili

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mtangazaji ambaye Kiswahili chake nakiheshimu: "mfadhili wa moyo". Akaongeza kwamba mgonjwa aliyepandikizwa anaitafuta familia ya mfadhili wake "akalipe fadhila".

Maana yenyewe ni fupi. Anayekusudiwa ni mtu ambaye figo, ini, moyo au kiungo chake kingine kimepandikizwa kwa mgonjwa. Anaweza kuwa hai, kama ndugu anayetoa figo moja, au marehemu aliyeridhia mwenyewe kabla ya kufa au kuridhiwa na familia yake.

Shida iko kwenye fadhili. Neno limetoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuzidi na kusalia. Afadhali ni ndugu yake. Ndiyo maana linamkaa vizuri anayemlipia karo mtoto wa mwenzake: ana ziada, anaigawa. Nasi Waswahili tukaliongezea uzito mwingine: fadhila hulipwa, na asiyelipa huambiwa shukrani ya punda ni mateke. Penye mfadhili pana mfadhiliwa, na mfadhiliwa husimangwa.

Sasa mfikirie Edward Darvall, Cape Town, Desemba 1967. Mkewe na binti yake Denise, mwenye miaka 25, waligongwa na gari wakivuka barabara. Mke akafariki, na binti akaumia ubongo vibaya kiasi cha kutokuwa na tumaini. Madaktari wakamwomba baba moyo wa binti yake, akakubali, na tarehe 3 daktari wa upasuaji Christiaan Barnard akaupandikiza kwa mgonjwa wake Louis Washkansky, upandikizaji wa kwanza duniani wa moyo wa mtu kwa mtu. Mzee yule alikuwa na ziada gani siku ile? Na Washkansky alifariki baada ya siku 18 kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa kwa dawa ili mwili usiukatae moyo mgeni. Tuseme alikufa na deni?

Nalisema kwa uchungu kwa sababu neno hili huwaelemea walio hai. Aliyepandikizwa tayari ana mzigo wake: dawa za kushusha kinga kila siku, kwa saa zilezile, kliniki zisizokwisha, hofu ya kila homa. Juu ya hayo anakaa mbele ya karatasi tupu, pengine kwa miaka, akishindwa kuiandikia familia ya marehemu, maana maneno gani yatalipa moyo? Wengine hujilaumu kwamba mtu amekufa ili wao waishi. Hapana. Kile kifo kilikuwa na sababu yake, ajali au kiharusi, na kingetokea hata kama mgonjwa huyu asingekuwapo duniani.

Katika nchi nyingi barua hiyo hupitia kwa waratibu wa upandikizaji, bila jina la ukoo wala anwani. Kuonana, pale kunaporuhusiwa, kunahitaji ridhaa ya pande zote mbili. Familia huweza kujibu, au isijibu kwa kuwa msiba bado mbichi. Ukimya wao si madai.

Mimi husema mtoaji. Mchangiaji pia limeshazoeleka, silikatai. Lakini tuwaachie wafadhili shule na visima vyao, na yule anayeandika barua tusiseme amekwenda kulipa fadhila. Amepeleka habari: kile kiungo bado kinafanya kazi, na kuna mtu anamkumbuka mpendwa wao.