Swali la Choo kwa Mgonjwa wa Figo

Mgonjwa wa figo akiketi mbele yangu na karatasi ya kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, mkononi, hazipiti dakika nyingi kabla sijamuuliza: "Mara ya mwisho ulipata choo lini?" Wengi huona haya, wakajibu kwa mkato. Mimi naendelea kuuliza, kwa sababu sehemu ya sumu inayowadhoofisha hutengenezwa na bakteria waishio katika utumbo mpana.

Chukua sumu moja tuifuate tangu mwanzo. Protini unayokula humeng'enywa na kufyonzwa zaidi katika utumbo mwembamba. Mabaki huteremka hadi utumbo mpana, wanakoishi bakteria kwa matrilioni. Ndani ya mabaki hayo mna triptofani, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini), na baadhi ya bakteria huigeuza kuwa indoli. Indoli hupenya ukuta wa utumbo, damu huipeleka kwenye ini, na ini huibadilisha kuwa indoksili salfeti. Figo zikiwa nzima, hiyo hutoka kwa mkojo na hutajua kamwe kwamba ilikuwepo. Figo zikichoka, inabaki mwilini. Hudhuru seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu, na huchochea makovu katika figo zenyewe. Kwa hiyo ugonjwa unazidi kujilisha.

Mbona mashine ya kusafisha damu isiiondoe? Zaidi ya asilimia 90 ya sumu hii husafiri imeng'ang'ania albumini, protini ya damu, na albumini ni kubwa mno kupita kwenye vitundu vya chujio. Figo hai haichuji tu: seli za mirija yake huinyakua sumu kutoka kwenye damu na kuitupa kwenye mkojo. Mashine haina seli hizo. Mgonjwa anainuka baada ya saa nne, urea, taka nyingine itokanayo na protini, imeshuka vizuri, lakini indoksili salfeti imepungua kidogo tu.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa wa dayalisisi (wanaosafishwa damu kwa mashine) wenye utumbo mpana na wenzao waliokwisha kuondolewa utumbo huo kwa upasuaji. Kwa wasio nao, indoksili salfeti na mwenzake, sumu iitwayo p-kresili salfeti, zilikuwa chini sana. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu chanzo cha sumu hizi.

Figo nazo huwabadilisha bakteria. Urea ikijaa kwenye damu, nyingine huvuja kuingia utumboni, na bakteria wenye uwezo wa kuivunja huigeuza kuwa amonia. Amonia hulegeza viungio vya seli za ukuta wa utumbo. Vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga ya mwili hukaa macho usiku na mchana. Wakati huohuo hupungua wale bakteria wanaokula nyuzinyuzi na kutengeneza butireti, chakula cha seli za utumbo mpana.

Hapa sisi madaktari tumechochea moto, nami nimo. Kwa kuhofia potasiamu, madini ya chakula ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, nimewahi kumpa kila mgonjwa karatasi ileile ya makatazo: matunda, mboga, maharage. Juu yake vidonge vya madini ya chuma, vya kuzuia fosfati, na maji ya kupimiwa. Yote hayo hufunga choo. Mama mmoja aliitii karatasi hiyo kwa miezi mingi ilhali potasiamu yake haikuwahi kupanda. Alikuwa akipata choo mara moja kwa wiki. Kinyesi kikikaa siku zote hizo, bakteria humaliza nyuzinyuzi kisha huigeukia protini, na protini ndiyo malighafi ya sumu. Tulimrudishia mboga kidogo kidogo huku tukipima potasiamu, tukamwongezea dawa ya kulainisha choo. Siku hizi simkatazi mtu chakula kabla ya kuona vipimo vyake.

Kuhusu dawa za kuzizima sumu hizi, matokeo hayajanitosheleza. Japani imetumia vidonge maalumu vya mkaa tangu 1991, ila majaribio makubwa yaliyochapishwa 2015, yenye wagonjwa wapatao 2,000, hayakuonyesha kwamba vinachelewesha ugonjwa. Jaribio dogo la Australia la 2016 lilitumia bakteria wazuri pamoja na chakula chao: p-kresili salfeti ilishuka, indoksili salfeti haikushuka kwa kiwango cha kuaminika. Ndiyo maana sikuandikii makopo ya probiotiki, yaani bakteria wazuri wa kumeza.

Ukifunga choo na figo zako ni dhaifu, tafadhali usijinunulie dawa ya kuharisha. Zenye fosfati, za kunywa na hata za kuingiza kwa njia ya haja kubwa, zinaweza kuziumiza figo vibaya. Zenye magnesiamu nazo hurundika madini hayo mwilini. Njoo useme, hata kama unaona haya. Kulainisha choo kwa njia salama kunawezekana, na kwangu ni sehemu ya tiba ya figo.